Nyumba Isiyo na Kuta

Jumamosi saa mbili asubuhi Sajini Tadei alimtoa Clemens mahabusu, akamketisha mezani, akamwekea mbele karatasi moja na kumwuliza swali lile lile alilokuwa akimwuliza tangu Alhamisi.

"Sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Na maandishi haya ya juu?"

"Si yangu."

"Chini ni wewe, juu si wewe. Basi karatasi hii mliifanya ubia."

Clemens alikuwa ameinamia meza. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa uthamini wa nyumba katika chuo cha Dar es Salaam, ameletwa Sumbawanga kwa mazoezi ya miezi mitatu. Kwao ni Mwimbi, kijiji cha Ufipa hiyo hiyo. Katika darasa lake lote hakukuwa na Mfipa mwingine. Asubuhi hiyo alikuwa peku, mkanda wamemvua, suruali ameishikilia kwa mkono wa kushoto.

Mkoa wa Rukwa ulikuwa haujatimiza hata miaka miwili, na tayari ulikuwa na njaa ya viwanja. Mkoa mpya lazima uwe na barabara pana, na barabara pana lazima ipite kwenye sebule ya mtu. Safari hii ilipita kwenye nyumba tisa. Kila nyumba ilitakiwa ipimwe, ijazwe kwenye fomu, mwenyewe alipwe fidia, kisha greda lije. Clemens alipima nyumba nane. Ya tisa ilikuwa ya msimamizi wake mwenyewe, Bwana Flavian, aliyemwambia asijisumbue, hiyo ataijaza yeye.

Jumatano barua za fidia zikatoka. Nyumba ya Bibi Sada, mjane wa marehemu Huseni mwenye malori, ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba saba, sakafu ya saruji, bati juu. Barua yake ilisema tofali mbichi, vyumba vitatu, shilingi elfu sita. Kaka yake, Saad, aliichukua barua ile mpaka kituoni akaigonga mezani. Bwana Flavian alipoulizwa alifungua kabati akatoa fomu yenye sahihi ya Clemens. Akasema kijana aliomba kitu kidogo kwenye nyumba ile, akanyimwa, akajilipiza kwa kalamu.

Jumatatu jalada lilikuwa liende kwa hakimu. Jumatatu hiyo hiyo greda lilikuwa linaanza kazi. Likishapita, nyumba zote tisa zingekuwa udongo mmoja, na udongo hauulizwi ulikuwa na vyumba vingapi.

Tadei alivuta kiti. "Mimi darasa langu liliishia la nne. Mengine nimejifundisha kwa kusoma magazeti ya kufungia samaki. Nifundishe. Nyumba mnaipimaje?"

Clemens aliinua uso kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kwa nje, Afande. Unaanzia kona ya mbele, unachomeka msumari chini kama huna mwenzako, unavuta tepu. Pande zote nne."

"Nne za nini? Mbili hazitoshi?"

"Hakuna nyumba iliyonyooka. Mbele inakuja kumi, nyuma inakuja kumi na sentimita nane. Fundi alikuwa na haraka. Au alikuwa na kiu."

"Na kwa nini nje?"

"Kwa sababu ukuta nao ni nyumba. Ukipima ndani peke yake umemdhulumu mwenyewe unene wa kuta zake. Kwetu huku ukuta wa tofali mbichi ni sentimita arobaini na tano. Hiyo ni tofali, ni maji, ni mgongo wa mtu. Halafu wewe uandike haupo?"

Tadei aliigeuza karatasi. "Soma hapa."

"Mbele nane nukta thelathini na tano. Nyuma nane nukta thelathini na tano. Kulia sita nukta ishirini. Kushoto sita nukta ishirini." Clemens akatikisa kichwa. "Hili ni sanduku, Afande. Si nyumba."

"Mwongo naye huandika hivyo."

"Huandika, ndiyo."

"Basi niambie sahihi yako ilifikaje chini ya sanduku la mtu mwingine."

Kijana aliivuta suruali juu. Macho yake yalikwenda mlangoni, na Tadei akayafuata.

Kwenye benchi la nje alikuwa ameketi mwanamke wa makamo, kapu miguuni, ugali wa ulezi umefungwa kwenye kitambaa cheupe. Ni Stefania, mama yake Clemens. Alikuwa ameingia mjini juzi usiku kwa lori la mahindi.

"Shikamoo, mama," Tadei alisema.

"Marahaba. Tunafahamiana."

"Sidhani, mama."

"Mwaka jana, mwezi wa nane. Ulikuja Mwimbi na lori."

"Nilitumwa vijiji vingi mwaka jana."

"Najua," alisema Stefania. "Ndiyo maana umesahau."

Tadei alimruhusu ampe mtoto wake chakula, akachukua tepu iliyokamatwa pamoja na kijana, akatoka.

Wazee wa Ufipa wana kumbukumbu ndefu kuhusu watu wenye kupima. Enzi za kodi ya nyumba alikuja Mzungu na karani wake, wakahesabu milango; baba za watu wakabomoa nyumba za kina mama zao wenyewe, wakalala wanane chumba kimoja, ili mlango upungue. Kisha likaja taifa, na taifa nalo likahesabu. Nyumba za mjini zilipewa fomu. Nyumba za vijijini, mwaka ule wa operesheni ya kuhamia vijiji vya pamoja, zilipewa lori. Tadei alikuwa kwenye lori. Asubuhi hii alikuwa kwenye fomu, na alitembea kwa miguu mpaka kwa mjane.

Saad alikuwa mlangoni, kofia ya kufuma kichwani, mikono nyuma. Alikuwa na duka la vitambaa sokoni na hasira ya siku tatu.

"Salaam aleikum, Mzee Saad."

"Waaleikum salaam. Umeshamfunga?"

"Bado. Kijana alipokuja hapa, ilikuwaje?"

"Ilikuwa nilimfukuza! Kasimama hapa hapa ulipo, na hilo tepu lako, anasema lazima aingie aone dari, aone sakafu. Nikamwambia ndani kuna mfiwa, yuko eda, haingii mwanamume asiye ndugu yake. Kabisha! Ati fomu ina sehemu ya dari. Nikamwambia, dari mwulize Mungu, anaiona kwa juu. Vyumba nikamtajia mwenyewe, saba. Nikamwita mshamba. Na mengine nikamwita. Akaondoka uso umevimba. Basi kaenda kuandika sumu."

Tadei aliandika kwenye kijitabu chake. Hiyo ilikuwa sababu nzuri ya kosa. Hakimu angeipenda.

"Aliomba kitu?"

"Aliomba kuingia."

"Nasema pesa."

"Ndiyo, kaomba."

"Kwako?"

Saad akasita. "Kwangu, hapana. Bwana Flavian ndiye kaniambia aliomba."

"Aliomba kwa nani?"

"Hilo... sikumwuliza."

Pazia la mlango wa ndani likatikisika. Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma yake, ya taratibu, isiyo na haraka ya kwenda popote.

"Sajini. Mimi nilimsikia yule kijana."

"Bibi Sada. Pole na msiba."

"Tumeshapoa. Nilimsikia anazunguka. Alikuwa anajisemea kwa sauti kama mtoto anayekariri. Kumi na nne na sitini. Akapita nyuma, dirishani kwangu: kumi na nne na hamsini na tano. Akasema tena, 'hamsini na tano,' kama anamgombeza fundi. Miezi mitatu niko humu, Sajini. Kazi yangu ni kusali na kusikia."

Tadei akafungua tepu. Alichomeka msumari kwenye kona ya mbele, akavuta tepu. Kumi na nne na sitini. Akazunguka nyuma, akapita juu ya mfereji, akavuta tena. Kumi na nne na hamsini na tano.

"Umeona," alisema Saad. "Kapima sawa, kaandika upotovu. Ndiyo wabaya zaidi hao."

"Yawezekana. Lakini ndani hakuingia?"

"Ningemvunja mguu."

"Hata dakika moja?"

"Sajini, nimekwambia ningemvunja mguu, wewe unaniuliza ningemvunja kwa saa ngapi?"

Tadei alikuwa ameshageuka kuondoka pazia lilipotikisika tena.

"Siku thelathini na mbili zimebaki za eda yangu," alisema Bibi Sada. "Mimi barabara siikatai. Lakini nataka nitoke nyumba hii siku yangu ikifika, na jina la nyumba ya Huseni liandikwe kama ilivyokuwa. Alichoma zile tofali mwenyewe, tanuri mbili. Watu wasije wakasoma kwamba aliniacha kwenye kibanda."

Kituoni, Tadei aliipeleka karatasi dirishani. Aliilaza upande, jua likapita juu yake chini kwa chini kama linavyopita juu ya matuta jioni. Wino ulikuwa wazi. Lakini pembeni, mahali ambapo mtu aliandika kwa penseli kisha akafuta kwa mpira, karatasi ilikuwa imebaki na mikwaruzo. Alisogeza pua karibu.

4.10 na 4.25. Chini yake, 3.50 na 2.70.

Akajumlisha kwa kidole mezani. Nne na kumi, nne na ishirini na tano: nane na thelathini na tano. Tatu na hamsini, mbili na sabini: sita na ishirini.

Aliyeandika fomu hii hakupima upande wa nyumba. Alichukua chumba, akakijumlisha na chumba kingine, akaandika jibu mbele, akalirudia nyuma. Kuta hakuzihesabu. Hiyo ilikuwa nyumba ya vyumba vilivyogusana vyenyewe kwa vyenyewe, haina ukuta wa kati wala wa nje. Na vipimo vile vilitoka ndani ya nyumba. Clemens ndani kwa Bibi Sada hakukanyaga. Shahidi wa hilo alikuwa mtu aliyemchukia.

Sasa, nani hupima nyumba kwa ndani tu?

Jibu alikuwa amelikanyaga. Sakafu ya chumba kile cha kaunta pale kituoni ilikuwa mpya, ya mwezi wa tisa. Fundi Leonsi aliipima akiwa amepiga magoti, kutoka ukuta hadi ukuta, na mkuu wa kituo alipomwambia aongeze kidogo kwa usalama, fundi alicheka: saruji haiingii chini ya ukuta, mzee, usiilipie.

Na saruji, miaka ile, hukuinunua kama chumvi. Uliiombea kibali kwenye duka la umma. Uliandika jina, ukaandika sakafu yako ni mita ngapi kwa ngapi, ukasubiri, na ukiwa hujulikani ukaendelea kusubiri.

Dominika alikuwa anakaribia kufunga duka la umma aliposikia buti. Alikuwa mama mnene, miwani yenye mkono mmoja, uzi mahali pa mkono wa pili.

"Sajini, sukari hakuna, sabuni hakuna, na viberiti vimeisha jana."

"Nataka maombi ya saruji ya mwaka jana."

"Yote?"

"Yote."

"Saruji yenyewe haikuja yote, wewe unataka maombi yote." Lakini alivuta bati la biskuti kutoka chini ya kaunta. Ndani yake karatasi zilikuwa zimepangwa na kufungwa kwa katani. "Nani unamtafuta?"

"Sina jina. Nina vipimo. Nne na kumi. Nne na ishirini na tano. Upana tatu na hamsini, nyuma mbili na sabini."

"Mbona kama unatafuta mke kwa saizi ya kiatu."

Walisoma pamoja, yeye kwa kidole, Tadei kwa midomo. Padri aliomba mifuko mitano, akapewa mitano. Mwalimu aliomba mitatu, akapewa mmoja. Watu wa kijiji cha Pito waliomba ishirini kwa zahanati yao, karatasi yao imeandikwa pembeni kwa wino mwekundu: isubiri. Tadei aliisoma ile mara mbili ingawa haikuwa kazi yake.

Kidole cha Dominika kikasimama. "Chumba cha kulala nne na kumi. Sebule nne na ishirini na tano. Zote upana tatu na hamsini. Ukumbi wa nyuma, upana mbili na sabini." Kisha akaigeuza karatasi, akamsukumia. "Jina soma mwenyewe. Mimi nina watoto."

Tadei alisoma. Akamwandikia Dominika stakabadhi ya kuichukua, akaikunja mara mbili.

Bwana Flavian alikuwa barazani kwake, amevaa suti ya mikono mifupi, anaelekeza wapagazi wawili wanaotoa kabati la vyombo. Nyumba ilikuwa ya tofali mbichi iliyopigwa lipu na chokaa, safi, ya vyumba vitatu. Kwenye kona moja lipu ilikuwa imebanduka na udongo ukaonekana.

"Karibu, Sajini. Unanikuta nahama. Maendeleo hayamwachi mtu."

"Hongera. Nyumba yako ndugu uliithamini mwenyewe?"

"Kwa kufuata taratibu."

"Vyumba vingapi uliandika?"

"Orodha iko ofisini. Ofisi imefungwa mpaka Jumatatu."

"Jumatatu greda litakuwa limesimama hapo kwenye kabati lako."

"Ndivyo serikali ilivyopanga. Si mimi."

Tadei alifungua karatasi ya saruji, akaiweka juu ya ukingo wa baraza pamoja na ile fomu. Hakueleza. Alitia kidole kwenye namba moja, akakihamishia kwenye nyingine. Wapagazi walisimama na kabati mikononi.

Bwana Flavian aliangalia kwa utulivu. Alikuwa mtu aliyefanya kazi na karatasi miaka ishirini, chini ya bendera mbili.

"Vipimo hufanana," alisema mwishowe.

"Vinne kwa mpigo?"

"Sajini, nikusaidie. Hakimu atauliza kitu kimoja tu: sahihi ya nani iko chini? Si yangu. Kibali cha saruji hakina sahihi ya kijana, na fomu ile haina sahihi yangu. Sasa nenda ukamwulize ilifikaje pale." Akatabasamu kidogo. "Hatakwambia. Chuo chake kinajua kwa nini."

Akawageukia wapagazi. "Mnangoja nini? Polepole, kuna vioo."

Tadei alirudi kituoni akitembea haraka kuliko alivyokwenda. Stefania alikuwa bado ndani na mwanawe, kitambaa cheupe kimekunjwa gotini. Tadei hakumwambia atoke.

"Clemens. Chuoni, siku ya kwanza, somo la kwanza lilikuwa nini?"

Kijana akamtazama.

"Si kupima," alisema Tadei. "Kabla ya kupima."

"Sahihi," Clemens alisema kwa sauti ndogo. "Mwalimu aliandika ubaoni, akaiacha wiki nzima. Mthamini hatii sahihi karatasi tupu. Akifanya hivyo si mthamini tena, wanamrudisha nyumbani siku ile ile."

"Karatasi tupu ngapi?"

Nje baiskeli ilipita inagonga kengele bure.

"Tano," Clemens alisema.

"Ukamtilia nani?"

"Bwana Flavian. Ilikuwa mvua, Afande, mvua ya mwezi wa pili unaijua. Fomu zilikuwa zinalowa mkononi, wino unatembea. Akaniambia, tia sahihi tano zikae kavu kabatini. Zako zikiharibika, mimi nitakunakilia kwa mwandiko mzuri, wewe endelea kupima. Nilimwona kama baba. Mwisho wa wiki akanirudishia nne, nikazichana. Ya tano akasema imepotea."

"Na siku zote tatu hizi ukanyamaza."

"Wizi sikufanya, nilijua mtaona. Hili nililifanya kweli."

Tadei alimsogezea karatasi nyeupe na kalamu. "Nitakwambia bila kukuficha. Ukiyaandika haya, Jumatatu huendi kwa hakimu. Anakwenda mwingine. Lakini maelezo yako yanaingia jaladani, na nakala inakwenda chuoni. Chuo watakufanya nini, sijui. Usipoyaandika, sahihi yako inabaki peke yake pale chini, na mimi sina pa kuipeleka."

Clemens aliiangalia kalamu. "Mama, kijiji kizima kilinichangia nauli. Mzee wa kanisa aliuza mbuzi."

"Walikuchangia ukasome," alisema Stefania. "Hawakukuchangia uwe bubu. Andika."

"Wakinirudisha?"

"Utarudi. Nyumbani pako unapajua. Andika, Clemens, yule mwanamke anasubiri ndani ya nyumba yake."

Akaandika kurasa mbili. Alipomaliza alirudi juu, akasoma yote tangu mwanzo kwa kidole, akasahihisha neno moja, ndipo akatia sahihi.

Kabla ya saa tisa mkuu wa kituo alikuwa amesaini hati ya upekuzi, kabati la ofisi limefunguliwa. Chini ya jina la Bwana Flavian walikuta nyumba ya tofali za kuchoma, vyumba saba, mbele kumi na nne na sitini, nyuma kumi na nne na hamsini na tano. Mwandiko wa Clemens, jina la Bibi Sada limekwanguliwa kwa wembe. Fomu mbili zilikuwa zimebadilishana nyumba, moja kwa moja, na jumla ya fidia haikusogea hata senti. Mtu wa hesabu asingeona kitu maisha yake yote. Mkuu wa kituo akapiga simu: greda lisimame mpaka jalada limalizike. Tadei alipopeleka habari kwa mjane, sauti nyuma ya pazia iliuliza kitu kimoja.

"Majalada yenu huchukua siku ngapi?"

"Thelathini na mbili hazikosi, Bibi."

"Alhamdulillahi kwa uvivu wenu."

Ilibaki nyumba ya tisa, ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipima. Clemens aliletwa, safari hii na mkanda wake. Bwana Flavian alikuwa ameketi kwenye kochi lake mwenyewe barabarani, askari kila upande. Saad alikuja kushuhudia. Stefania alisimama mbali kidogo, kapu kichwani, tayari kwa lori la kurudi.

Clemens alichomeka msumari, akavuta tepu. "Mbele, tisa na sabini."

Tadei alihesabu kwa kichwa: nane na thelathini na tano ya fomu, ongeza kuta tatu za arobaini na tano. Zilikuwa zote zimerudi.

"Nyuma, tisa na sabini na sita." Akazunguka. "Kulia, saba na hamsini na tano."

"Andika unavyopenda, kijana," alisema Bwana Flavian kutoka kwenye kochi. "Leo ni siku yako."

Clemens aligonga ukuta wa nyuma kwa kifundo cha kidole. "Huu una lipu mara mbili. Inaongezwa."

Saad akaruka. "Unamwongezea? Mwizi huyo! Mpunguzie, Sajini amekuruhusu!"

"Nyumba haikuiba, Mzee Saad."

Alijaza fomu yote, dari, sakafu, milango, choo. Aliisoma. Alitia sahihi mwisho, akampa Tadei. Huenda ilikuwa fomu yake ya mwisho. Barua ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa tayari kwenye mfuko wa posta.

Stefania akashusha kapu.

"Zimebaki karatasi?"

"Imebaki moja, mama."

"Jaza ya kwangu."

"Mama..."

"Ya Mwimbi. Ile ya zamani. Kuta zipo bado, paa ndilo waliloliondoa. Hawa watu tisa kila mmoja ana karatasi, hata mwizi ana karatasi. Mimi sijapata karatasi."

Saad aliangalia viatu vyake. Clemens aliishika fomu ile iliyobaki. "Fomu ya operesheni haipo, mama. Na siwezi kujaza nyumba ambayo sikuiona siku ile. Nilikuwa chuoni. Ndiyo sheria yenyewe: asiyeona hajazi."

"Wewe hukuiona," alisema Stefania. Akamgeukia Tadei. "Huyu aliiona."

Bwana Flavian kwenye kochi alicheka kidogo, halafu akaacha.

Tadei alivua kofia. Aliishika mbele yake, akaizungusha ukingo wake kwa vidole, mzunguko mmoja mzima. Askari wake wawili walikuwa wanamtazama.

"Andika," alisema.

Clemens akaweka fomu juu ya ukingo wa baraza.

"Tofali mbichi. Vyumba viwili na jiko la nje. Mlango wa mbao, ulikuwa na komeo la chuma la kufua huku huku." Aliitazama kofia. "Paa la nyasi. Jipya. Lilikuwa la msimu ule ule, nyasi zilikuwa bado zina rangi. Kulikuwa na kihenge cha ulezi kimejaa. Tulikitoa kikavunjika."

"Urefu?" Clemens aliuliza, hakuinua uso.

"Sikupima. Andika hivyo. Andika hawakupima."

Kalamu ilikwenda mpaka chini ya ukurasa. Tadei akanyoosha mkono kuichukua, aweke jina lake kama shahidi. Clemens akaizuia karatasi kwa kiganja.

"Bado, Afande. Isome kwanza yote. Sahihi ni mwisho."

Tadei akainama juu ya karatasi, akaanza kusoma kwa midomo, neno kwa neno, na Stefania akasogea karibu ili asikie.